Nilidhani nimechoka na vitabu, kumbe ni macho. Nyinyi mlirudije kusoma?

#1 BiKofia (Langoni, Amu, yaani Lamu)
Hamjambo nyote. Mimi nashona kofia za vito, zile za kutarizwa kwa mkono, kazi niliyofunzwa na nyanya yangu. Utotoni nilikuwa msomaji hasa, nikisoma hata gazeti lililofungiwa bajia, nalinyoosha kwenye goti mafuta yakiniingia vidoleni. Nilipovuka 40 nikaona vitabu vinanichosha. Nafungua, nasoma ukurasa, kichwa chauma, nafunga. Nikajiambia ndio utu uzima, akili imejaa mambo ya nyumba. Miaka sita sikumaliza kitabu hata kimoja.

Mwezi wa Shaaban uliopita nikashindwa kutia uzi sindanoni. Mwanangu ndiye aliyekuwa akinitilia. Siku moja hayuko, nimekaa dakani, pale kwenye baraza ya mlangoni, peke yangu, naulamba uzi, nausokota, naulenga tundu, unapita pembeni. Mara kumi na zaidi. Nililia, kwa sababu kazi ile ndiyo riziki yangu. Kesho yake nikanunua miwani ya kusomea, namba moja na nusu, shilingi 300.

Jioni nikasahau kuivua. Kitabu cha hadithi cha mwanangu kilikuwa sakafuni, nikakiokota nikiondoe njiani, jicho likaangukia mstari. Herufi zilikuwa nyeusi ti! Miaka yote ile nilikuwa nikiziona kama zimeoshwa na maji. Nilisoma nimesimama, chai ikapoa, adhana ya isha ikanikuta ukurasa wa 30.

Dai langu ni hili: wengi wetu tuliovuka 40 hatukuacha kupenda kusoma. Macho ndiyo yaliyotuacha na hatukutambua. Mnasemaje? Na mliorudi, mlirudije?

#2 PopoWaUsiku
Bi Kofia, uzi uliokataa kuingia sindanoni umekuja kuutia hapa, na umeingia vizuri. Miwani 300? Mimi niliuziwa 500 hapa hapa mjini. Nielekeze duka.

#3 Chipukizi_Shela
Shikamoo Bi Kofia. Kwa heshima zote, mimi nina miaka 24 na nikiwa Shela naona jahazi likitoka upande wa Manda. Macho hayana lawama yoyote kwangu, na bado niliacha kusoma.

Naikumbuka siku yenyewe. Ilikuwa mtihani wa mwisho wa Kidato cha Nne, karatasi ya fasihi. Vile vitabu teule tulivisoma mpaka tukavichukia: taja sifa sita za mhusika, eleza maudhui, alama 20. Tulipotoka chumbani wenzangu walichana madaftari yao yakapeperuka mpaka ufuoni. Mimi sikuchana, ila sikugusa kitabu tena miaka minne. Kwa hivyo miwani itanisaidia nini?

#4 MwalimuMstaafu
Chipukizi amegusa jambo ninalolifikiria tangu nistaafu. Litazameni neno lenyewe. Kwetu kusoma kitabu ni kusoma, na kwenda shule pia ni kusoma. Mtu akikuuliza "ulimaliza kusoma lini?" wamjibu papo hapo: 1991, 2006. Sasa aliyemaliza kusoma atasoma nini tena? Ukionekana barazani na kitabu mkononi na mvi kichwani, wa kwanza kupita atakuuliza unafanya mtihani gani.

Nilifundisha Kiswahili miaka 31. Niliwaambia watoto wasome ili wapite. Sikumbuki siku hata moja niliyoingia darasani nikawasomea hadithi tangu mwanzo hadi mwisho, kisha nikafunga kitabu bila kuuliza swali. Jambo hilo linaniuma sana.

#5 MuuguziWaZamu
Nafanya kazi upande wa macho, niruhusuni.

Ndani ya jicho kuna lenzi. Utotoni ni laini, ukitazama karibu inajitunisha, ukitazama mbali inatulia. Kadiri miaka inavyokwenda inakakamaa, na kufikia 40 hivi haiwezi tena kujitunisha ya kutosha. Hapo mtu huanza kusogeza kitabu mbali, kidogo kidogo, mpaka mkono unamalizika. Wala si ugonjwa, hali hii itamfikia kila mmoja wetu. Huendelea mpaka miaka ya sitini, ndiyo sababu namba hupanda kutoka moja hadi mbili, mbili na nusu, hata tatu.

Nasikia kila siku watu wakisema miwani hufanya macho kuwa mavivu. Si kweli. Lenzi itaendelea kukakamaa ukivaa usivae.

Lakini Bi Kofia, nenda ukapimwe. Duka la miwani halitazami ndani ya jicho. Presha ya macho haiumi, huanza kula uoni kutoka pembeni, na kilicholiwa hakirudi. Nakuomba sana.

Ama kuhusu dai lako, kwangu ni nusu. Mimi nina miaka 38, macho mazima, na sijasoma kitabu kisicho cha kazi tangu nitoke chuoni.

#6 Nahodha_Mokowe
Mimi naitia simu hatiani.

Navusha abiria Mokowe na Amu tangu 2003. Kazi hii nusu yake ni kungoja. Basi la Mombasa likichelewa, umekaa gatini saa nzima, saa mbili. Zamani nilikuwa na Taifa Leo ya juzi chini ya ubao wa kukalia, naisoma mpaka matangazo ya vifo. Na riwaya mbili tatu zilizojaa chumvi.

Nyaya za chini ya bahari zilifika Mombasa 2009, tukaambiwa intaneti itashuka bei, na ikashuka kweli. Miaka minne baadaye nikanunua simu janja. Leo nangoja saa nzima, na nikiulizwa nilitazama nini, siwezi kutaja hata jambo moja.

Mwaka jana simu ilinidondoka gatini maji yamejaa. Siku 19 sikuwa na simu. Siku ya tatu nikachukua kitabu cha Abunuwasi cha binti yangu wa darasa la tano, nikakimaliza. Nikachukua kingine. Nilikuwa naamka mapema nisome kabla ya chombo cha kwanza. Siku ya 20 nikanunua simu nyingine, na sijasoma tena. Mnaosema shule, mnaosema macho, nielezeni hizo siku 19.

#7 PopoWaUsiku
Nahodha, dawa unaijua. Subiri maji yajae, nyoosha mkono, legeza vidole.

#8 BinSiyu
Nimewasoma wote. Nina jambo ambalo halijatajwa.

Mama yangu alizaliwa Siyu. Alisoma chuoni kwa bibi mmoja, akajua kusoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Alikuwa na tendi zake ndani ya mfuko wa nguo, zimenakiliwa kwa wino, na jioni alizisoma kwa sauti huku wanawake wenzake wakisuka mikeka. Herufi ile haina "ch" wala "p" ya kwetu, msomaji hujua mwenyewe kwa mazoea. Na alijua.

Akaja karani wa kuhesabu watu. Anajua kusoma? Mama akaleta karatasi zake. Karani akazitazama, akaandika hajui. Nilikuwepo, nilikuwa kijana mdogo, na nilikiona kidole chake kikiandika.

Baadaye masomo ya ngumbaru yalipoenezwa, 1979 kwenda mbele, mama akaenda akajifunza a, e, i, o, u pamoja na watu ambao hawakuwahi kushika kalamu. Akapata cheti. Lakini zile karatasi hakuzitoa tena mfukoni. Ni kama aliambiwa alichokuwa akifanya miaka 30 hakikuwa kusoma.

Na sisi watoto wake tuliingia shule tukasahihishwa kwa kalamu nyekundu. Twasema mato, kitabu chasema macho. Twasema ndia, chasema njia. Mai, maji. Lugha ya vitabu ilichukuliwa Unguja, mkutano wa kuisanifisha ulikaa Mombasa 1928 na kamati ya lugha ikaundwa 1930. Sina ugomvi na Kiunguja, ndicho ninachoandikia hapa. Lakini mtoto akiona kila neno la mama yake ni kosa, atapenda kitabu vipi?

#9 MwalimuMstaafu
BinSiyu, umenitoa machozi. Nami nilikuwa na kalamu hiyo nyekundu.

Umesema mama alisoma "chuoni". Wengi hapa huenda hawajui kwamba kwa Kiswahili cha zamani chuo ni kitabu chenyewe, wingi wake vyuo. Ndipo tukapata mwanachuoni. Kwa hiyo kwenu mahali pa kusomea na kitabu vilikuwa na jina moja, kama vile leo kusoma kitabu na kwenda shule kulivyo na jina moja. Wazo langu la #4 sasa halinitoshi. Kama neno lilikuwa moja tangu zamani na watu walisoma mpaka uzeeni, basi kosa haliko kwenye neno.

#10 DadaMalindi
Salamu kutoka Malindi. Mbona hakuna anayetaja pesa?

Riwaya moja mpya hapa ni bei ya unga wa siku kadhaa. Na tangu Sheria ya VAT ya 2013 vitabu vinatozwa ushuru wa asilimia 16, kama bidhaa nyingine nyingi dukani. Mtu mwenye watoto watatu, kila Januari ananunua vya shule, atabakiwa na nini cha kununua chake mwenyewe?

Mimi niliporudi kusoma, nilirudi kwa sababu ya maktaba ya KNLS, shirika la maktaba za taifa, hapa Malindi. Nilikwenda kukwepa jua nikingoja gari la Mambrui. Kuna kimya mle ambacho sikumbuki kukisikia mahali pengine penye watu wengi. Nikachukua kitabu ili nisionekane nimekaa bure, nikakosa gari mbili.

#11 Nahodha_Mokowe
Dada, sisi wa Amu nasi tuna vitabu pale Ngomeni, ila wengi hupita nje tu. Mahali palikuwa jela hadi 1964, labda ndiyo maana wazee hawapendi kuingia.

#12 BinSiyu
Hadi 1984, Nahodha. Si 1964. Mjomba wangu alikuwa akipeleka samaki jikoni kwao. Ngome yenyewe ilikamilika 1821, jela ilikuja baadaye sana.

#13 Nahodha_Mokowe
Ahsante, nimesahihishika. 1984.

#14 DadaMalindi
Na tuwe wazi: kwa Katiba ya 2010 maktaba zimewekwa mikononi mwa kaunti. Kwa hiyo ukitaka rafu zijae, wa kumuuliza ni mwakilishi wa wadi yako, si mtu wa Nairobi.

#15 UmmuNasra
Nilikuwa nasoma kimya, lakini BinSiyu amenifungua mdomo.

Baba yangu alipoteza macho kwa ile presha aliyoitaja Muuguzi. Tuligundua amechelewa, alikuwa akijigonga kwenye miimo ya milango tukidhani ni uzee. Alikuwa mtu wa kusoma kila siku. Alipokuwa haoni tena alikaa kimya wiki nyingi, kisha alasiri moja akaniambia, "Mwanangu, nisomee."

Mimi nilikuwa na miaka 35 na sijasoma kwa sauti tangu shule ya msingi. Nilisoma kama mtoto, nakwama, naruka nukta. Alikuwa akinisimamisha: "Vuta pumzi hapo. Huyo amekasirika, mpe hasira yake." Alinifundisha kusoma upya, kipofu akimfundisha anayeona. Baada ya mwezi rafiki yake mmoja akaja akakaa daka la upande wa pili. Kisha mwingine. Wakati wa kusi, wavuvi hawaendi mbali, tulikuwa watu saba. Wakibishana na mwandishi! Mzee mmoja aliondoka kwa hasira kwa sababu ya alivyofanya mhusika, akarudi kesho yake kusikiliza yaliyofuata.

Baba amefariki miaka miwili sasa. Siku ya khitma tulipogawana juzuu na nyumba nzima ikavuma, kila mtu anasoma yake na sauti zote zikawa moja, nilijua nilichokuwa nimekosa maisha yangu yote. Sisi watu wa hapa kusoma kwetu ni kwa sauti na kwa pamoja. Maulidi husomwa, tafsiri ya Ramadhani husomwa, tendi husomwa kwa mahadhi. Shule ilitukalisha kila mtu na dawati lake, kimya, kidole chini ya mstari. Naamini tuliacha kusoma kwa sababu tuliachwa peke yetu na kitabu.

Bado nasoma kwa sauti, hata nikiwa pekee jikoni.

#16 Chipukizi_Shela
Allah amrehemu. Lakini Bi Ummu Nasra, mimi nilirudi kwa njia iliyo kinyume kabisa na yako, na nilikuwa peke yangu.

Nilipata kazi ya askari wa usiku katika nyumba ya wageni. Simu huachwa kwenye droo mpaka asubuhi, ndiyo sharti. Saa nane za usiku husikii ila upepo kwenye minazi na punda mmoja anayelia kila saa. Sebuleni kuna rafu ya vitabu wanavyoacha wageni: Kijerumani, Kitaliano, Kiingereza. Nikaokota cha Kiingereza cha upelelezi, jalada limeondoka, sijui kinaitwaje mpaka leo. Maneno mengi sikuyajua, nikayaruka. Hakuna aliyeniuliza sifa sita. Kulipopambazuka nilikuwa sijui muuaji ni nani na nilitaka zamu isiishe.

Tangu hapo nimesoma 14. Kwa hivyo kwangu ni upweke ulionirudisha.

#17 Nahodha_Mokowe
Ni upweke, au ni droo yenye simu? Soma tena ulichoandika, kijana wangu.

#18 BinSiyu
Mimi lililonichoma ni kwamba rafu nzima haina cha Kiswahili.

#19 MzeeWaTanga
Nawapongeza kwa uzi huu, wakuu. Chipukizi, kama unapenda upelelezi, Kiswahili kinao tangu zamani. Mtafute Bwana Msa na kiko chake. Kitabu cha kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, kilichapishwa 1960 baada ya kushinda shindano la uandishi. Mimi kilinirudisha nikiwa na miaka 52, nimelazwa hospitali na mguu. Nadhani mwandishi wake alikuwa mtu wa Mombasa.

#20 MwalimuMstaafu
Muhammed Said Abdulla alikuwa mtu wa Unguja, mzee mwenzangu. Mengine yote sawa. Chipukizi, nina nakala. Nikija Shela Ijumaa nitaiacha kwenye lango lenu, na naahidi sitauliza swali lolote.

#21 PopoWaUsiku
Garissa walianzisha maktaba ya ngamia tangu 1996, ngamia anabeba masanduku ya vitabu mpaka kwa wafugaji. Sisi tuna punda kila kona, wanabeba mchanga na mawe ya kujengea. Mwalimu aanze na punda mmoja, Langoni mpaka Shela.

#22 DadaMalindi
Popo umecheka lakini mimi nimelichukua kwa uzito. Ya ngamia ni kazi ya KNLS, wale wale wa maktaba yetu ya Malindi, na ikaenea mpaka Wajir. Njia zenu gari haliingii. Punda ndiye anayefika mlangoni.

#23 MuuguziWaZamu
Nasoma hapa katikati ya zamu. Natazama maelezo yote: macho, shule, simu, pesa, kalamu nyekundu, upweke, kukosa upweke. Yangu sijaipata bado. Usiku wa jana mgonjwa mmoja mzee hakulala, nikakumbuka #15, nikamsomea kipande cha gazeti lililokuwa dirishani. Habari ya bei ya korosho. Alilala, mimi nikaendelea mpaka mwisho wa ukurasa.

#24 BiKofia
Ahsanteni. Sikutarajia. Muuguzi, nimepimwa Jumatatu, presha ya macho sina, alhamdulillahi, lakini namba ni mbili na si moja na nusu, na jicho la kushoto lina yake.

Ummu Nasra, nililijaribu lako. Tuko watatu tunaoshona pamoja, mkono hauachi kazi, kwa hivyo mmoja anasoma na wawili wanashona, kwa zamu. Jana niliwasomea Utendi wa Mwana Kupona, yule mtu wetu wa Amu. Jirani yangu mwenye miaka 70 na kitu alikuwa anapita, akasimama mlangoni, akaniambia, "Wasoma kama tangazo la redio." Akaingia, akakaa, akausoma bila kitabu.

#25 BinSiyu
Mzaliwa wa Pate, Bi Kofia, na mumewe Bwana Mataka alikuwa mtawala wa Siyu. Alimtungia bintiye Mwana Hashima, 1858. Amu mnaruhusiwa kumsoma.

Huyo jirani, anazo karatasi?

#26 BiKofia
Nilimuuliza. Akasema zilikuwepo, herufi za Kiarabu, zikaliwa na mchwa kwenye sanduku. Ubeti mmoja ulimkwama katikati, akaomba kitabu. Nikampa, akakipeleka mbali, akakirudisha karibu, akakipeleka mbali tena. Nikamvalisha miwani yangu ile ya zamani. Akasema zimekuja kidogo, hazijafika.

Muuguzi, ya miaka 70 na kitu huanzia namba gani? Na mnapima siku gani mbali na Jumatatu, maana Jumatatu ana mjukuu wa kumwangalia.